Fundi Aliyenusa Magari

Gari likisimama mbele ya banda lake, Fundi hakuuliza linaumwa nini. Alifungua mlango wa dereva, akaingiza kichwa chini ya usukani, akanusa. Ndipo alipotoka na kukusalimia. Sisi madereva wa milimani tulimcheka sana kwa tabia hiyo. Wapo waliosema anachunguza kama tumekunywa boha, ile pombe yetu ya miwa, kabla ya kushika usukani. Kumbe mwenzetu alikuwa anatafuta harufu ya mpira uliopata joto. Waya ukielemewa haukai kimya, alisema. Huanza kunuka siku nyingi kabla haujawaka, ila watu wanangoja moshi.

Mimi nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu, kijiji cha ujamaa kilicho juu ya Soni, na kwa miaka sita Fundi ndiye aliyeshika umeme wa lori hilo. Injini, breki na magurudumu vilikuwa na watu wengine. Yeye umeme tu. Alikotoka sikupata kujua. Kuna waliosema alitoka kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, wengine wakasema alikuwa reli. Nilimwuliza mara moja tulipokuwa wote wawili chini ya dashibodi, akanijibu nimpe bisibisi ndogo. Basi sikuuliza tena, na hapa pia sitajifanya najua. Ninachokijua ni mikono yake, maneno yake, na jambo moja alilolifanya kikaoni mbele yetu sote, ambalo kwa miaka kumi na moja nilijiuliza kwa nini alilifanya.

Lori lenyewe lazima nilieleze, maana bila lori hilo Fundi haonekani vizuri. Lilikuwa la setla mmoja aliyefunga virago baada ya Uhuru, likapita mikono miwili mitatu, mwisho likaangukia kwetu tulipoanza kuishi kijamaa. Kabichi, karoti na viazi vyetu vilishuka Mombo juu yake, na wagonjwa wetu walikwenda hospitali Bumbuli juu yake hilo hilo. Nyaya zake zilikuwa za zamani, zimevishwa mpira, na juu ya mpira kitambaa cha pamba kilichosukwa. Baada ya miaka yote ile, ukiukunja waya, mpira ulivunjika kama kopa la muhogo. Fundi aliliita lori hilo Mzee. Kila asubuhi aliniuliza, "Mzee ameamkaje?" na siku ya kwanza nilimjibu kwamba baba anasumbuliwa na kifua.

Kitu cha kwanza tulichobishana ni fyuzi. Kwa asiyeijua, fyuzi ni kijibomba cha kioo, urefu wake kama kiungo cha kidole, na ndani yake kuna uzi mwembamba wa madini. Umeme wa taa, tuseme, wote unapita kwenye uzi huo. Ukizidi, uzi unayeyuka na taa zinazimika. Fyuzi ya Mzee ilikuwa inakatika kila mara nikiwasha vitu vingi kwa pamoja, na kwetu huku, ukungu ukishuka saa nne za asubuhi, utawasha taa, utawasha wipa na utapiga honi kila kona. Nikamwambia Fundi aniwekee fyuzi kubwa zaidi, kwa kuwa taa zenyewe zilikuwa kubwa.

"Fyuzi inalinda nini?" akaniuliza.

"Taa."

"Taa ikiungua unanunua nyingine. Fyuzi inalinda waya." Akaniambia niwashe kila kitu, akauvuta mkono wangu hadi nyuma ya dashibodi. "Si kwa vidole. Kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa."

Niliugusa. Waya ulikuwa na uvuguvugu.

"Huyo ndiye mwembamba kuliko wote humu ndani," akasema. Nyaya alizisema kama watu. "Fyuzi unaipima kwa huyo, si kwa taa. Ukiweka fyuzi nene kuliko yeye, basi umemfanya yeye ndiye fyuzi. Na yeye amelala hapa, karibu na mapaja yako."

Nilicheka. Nilikuwa na leseni mpya na kofia, na niliamini kuwa mtu wa nyaya hawezi kumfundisha kazi mtu wa usukani. Lakini maneno yale yaliniingia kuliko nilivyokubali. Hata leo nikiona kitu chochote kimeelemewa, iwe punda, iwe daraja la miti, macho yangu yanatafuta palipo pembamba.

Alikuwa na msemo wake. Kila mtu anajua kuwa kamba hukatikia pabovu. Fundi alikuwa akiongeza: "Basi heri wewe mwenyewe uchague pabovu pawe wapi." Aliusema akila, aliusema akifunga mzigo wa kuni, na mara moja aliusema kwenye harusi wakati wazee wakitoa nasaha, watu wakatazamana.

Miaka ile ya kukosekana vitu, fyuzi hazikupatikana madukani, Lushoto wala Tanga. Madereva wengine walifunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyokufa, safari ikaendelea. Fundi hakutaka hata kuiona. Alikuwa na kopo la maziwa lililojaa fyuzi zilizokatika, na hizo ndizo alizozifufua. Alipasha moto kikofia cha bati cha fyuzi, akakivua, akapitisha ndani ya kioo uzi mmoja wa shaba alioutoa kwenye kipande cha waya wa taa ya nyumbani, akakirudisha kikofia kwa tone la risasi ya kulehemu. Alihesabu kwa sauti, kana kwamba kuna mtu anambishia: "Uzi mmoja taa ndogo. Nyuzi mbili taa kubwa. Nyuzi tatu hakuna."

Kabla ya kuifufua aliisoma. Hilo ndilo lililonifanya nianze kupita bandani kwake hata siku ambazo lori halina shida. Aliinua fyuzi iliyokufa kuelekea mwanga, akafumba jicho moja. Kioo kikiwa cheusi kama cha kandili isiyosafishwa, alisema: "Huyu kauawa ghafla. Tafuta waya uliochubuka ukagusa bati." Kioo kikiwa safi, uzi umekatika katikati tu na kuacha vijitone viwili, alisema: "Huyu kafa kwa kazi nyingi. Hakuna waya uliochubuka. Mwenye gari kapakia." Nilimletea fyuzi kutoka magari nisiyoyataja ili nimjaribu, naye hakukosea. Nilitoka pale kila mara nikiwa na swali jingine, na yeye alikuwa mtu wa kukujibu swali kwa kukupa kitu ukishike.

Mfanyabiashara mmoja wa Lushoto alimletea gari dogo lililozeeka, akataka aongezewe redio, taa nne mbele, na balbu za rangi kuzunguka kioo cha nyuma. Fundi alinusa, akatoka, akamwuliza, "Unapenda kipi kizime kwanza?" Yule bwana akasema hapendi chochote kizime. "Basi hujaja kwa fundi," akasema Fundi, "umekuja kwa mganga." Akamrudishia funguo. Mke wa Fundi alikuwa anasikiliza kwa ndani, na jioni nilimsikia akimwuliza watakula balbu za nani, maana za yule bwana zimeondoka.

Lakini mtu huyo huyo aliyezihurumia nyaya hakujihurumia hata kidogo. Betri la lori, ambalo mimi nalibeba kwa kujikaza, yeye alilibeba begani kutoka Soni, mlima wote, huku anaimba. Alilima shamba la mkewe, alilima shamba la kijiji, akarudi kulala chini ya magari. Mke wake, mama wa Kishambaa mwenye maneno machache na makali, alimwambia siku moja mbele yangu, "Kila gari unalitilia fyuzi. Ya kwako iko wapi?" Fundi akasema anatafuta ya saizi yake. Alikuwa na redio ndogo ya mkulima aliyoifungulia taarifa ya habari tu, kisha akatoa betri zake na kuzianika juani kwenye bati. Mimi nilipoanika zangu, aliniambia ni ujinga, hazipati nguvu yoyote. Nikamwonyesha zake. Akasema zake anazikausha.

Nimeeleza haya yote ili mjue ni mtu gani aliyekaa kwenye benchi siku ile ya halmashauri ya kijiji.

Sherehe za Saba Saba zilikuwa zimekaribia. Kwaya yetu ilichaguliwa kwenda kuimba Lushoto, na kijiji kilipata amplifaya na spika mbili kubwa za kufunga juu ya kibanda cha lori, ili tuingie mjini tukiimba na kusikika. Mwenyekiti akaongeza na taa mbili za ukungu. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikipenda kijiji chake na alitaka kionekane. Fundi akavifunga vyote, tukajaribu, na fyuzi ikakatika kabla kwaya haijamaliza ubeti wa kwanza. Tukajaribu tena, ikakatika tena. Fundi akasema spika na taa mpya zinahitaji njia yao wenyewe, waya mnene kutoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yao wenyewe. Waya huo haukuwepo karibu. Labda upatikane Tanga baada ya wiki mbili tatu. Sherehe ilikuwa Jumatatu.

Kwetu jambo likishindikana lilipelekwa kikaoni, na kikaoni liliwezekana. Tulikuwa tumeamua kwa kura mahali pa kuchimba kisima na siku ya kuvuna mahindi, kwa nini tusiamue na hili? Mwenyekiti alisimama, akasema kwa uchungu kabisa kwamba haiwezekani kijiji kizima kilichokwisha kujikomboa kizuiwe na uzi mmoja. Kama uzi ule ni dhaifu, uondolewe, kiwekwe kitu imara. Mjumbe mmoja akataja msumari. Makofi yakapigwa. Katibu akaandika: fyuzi imara isiyokatika iwekwe, na Fundi aagizwe kuiweka.

Fundi hakuwa mjumbe, lakini aliomba kusema. "Ndugu Mwenyekiti, naona mikono yote imenyooka. Je, waya naye amepiga kura?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, huku mkono wangu ukiwa bado juu.

Baada ya kikao nilimfuata bandani. Aliniambia, "Mimi msumari siweki. Kawaambie nimekataa. Kaimbeni bila spika, au zima taa za ukungu spika zikiwa zinafanya kazi. Nenda kawaambie hivyo." Nikaitikia. Njiani kurudi nikaanza kufikiria Lushoto. Nilijiona naingia mjini juu ya Mzee, taa sita zinawaka, kwaya inaimba nyuma, watu wamejipanga barabarani wanauliza dereva yule ni wa wapi. Ni sifa tu, hakuna kingine. Sikumwambia Mwenyekiti kwamba Fundi amekataa. Nilimwambia Fundi ameshaweka. Kisha nikachukua msumari wa inchi moja, nikafungua boksi la fyuzi, nikaubana pale. Ulitoshea vizuri kama umetengenezewa mahali hapo.

Jumatatu asubuhi tuliondoka na ukungu. Niliwasha taa, nikawasha za ukungu, nikawasha wipa, na juu ya kichwa changu spika zikaanza kunguruma wimbo. Hakuna kilichozimika. Nilifurahi, nisiwafiche. Tulikuwa kwenye mteremko wa kuelekea Soni niliposikia harufu. Kwanza nikafikiri ni breki zangu. Kisha nikakumbuka ni nani niliyewahi kumcheka kwa kunusa, na wakati huo huo nikahisi joto kwenye goti. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, taa zote zikafa, na moto ukaonekana pale pale aliponionyesha, karibu na mapaja yangu. Mbele sikuona kitu ila weupe wa ukungu. Nilishusha gia, nikaliegemeza lori kwenye ukingo wa mlima, nikaruka na kung'oa kichwa cha betri kwa mkono mtupu. Kovu lake ninalo kiganjani mpaka leo.

Watu waliruka kutoka nyuma. Moto tuliuzima kwa udongo na vitenge. Hakufa mtu. Mama mmoja wa sauti ya pili aliangukia mawe, mfupa wa paja ukavunjika, na kwa kuwa lori la kumpeleka Bumbuli ndilo hilo lililoungua, wanaume walimbeba kwa machela tangu asubuhi hadi alasiri. Mimi nilibaki kulinda lori. Nilitazama ndani ya boksi la fyuzi. Kila kitu kilikuwa kimeyeyuka na kunata, na msumari ulikuwa mzima, umekuwa mweusi tu.

Kikao cha pili kilifanyika ghalani. Mwenyekiti aliushika ule msumari juu, watu wote wauone. Neno lililotumika miaka ile kwa mambo kama hayo lilikuwa hujuma, na lilitajwa. Msumari wao wenyewe walikuwa wameupigia makofi, lakini sasa ilisemwa kuwa walioamua si wataalamu, mtaalamu alikuwepo, na ni kazi ya mtaalamu kukataa. Katibu akasoma muhtasari: Fundi aliagizwa, na dereva akaleta taarifa kwamba Fundi ameweka.

"Ndugu Fundi," akasema Mwenyekiti, "ni wewe uliyeweka msumari huu?"

Fundi alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama fyuzi, jicho moja limefumbwa kidogo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikatazama chini. Kisha akamgeukia Mwenyekiti, akasema, "Umeme wa lori hili uko mikononi mwangu."

Mwenyekiti akauliza tena, na Fundi akarudia maneno hayo hayo. Basi wakachukulia kuwa amekiri. Akakatazwa kugusa gari lolote la kijiji, na baada ya wiki chache yeye na mkewe waliteremka na vyombo vyao kwenda Mazinde, kule chini kwenye barabara ya Same. Nilitaka kumsaidia kubeba. Mke wake aliniangalia tu, nikarudi nyumbani.

Nimemfikiria mtu huyu kuliko nilivyowafikiria jamaa zangu waliokufa. Mtu ambaye hakuweza kunyamaza mfanyabiashara akitaka balbu za rangi, kwa nini alinyamaza siku ile? Nilifikiri labda alinionea huruma. Nilifikiri labda aliogopa. Nilifikiri labda alichoka nasi. Kila jibu lilikuwa na kasoro, maana hakuwa mtu wa huruma za namna hiyo, wala mwoga, na kuchoka hakujua ni nini.

Mzee alisimama miezi sita. Waya ulipopatikana hakukuwa na fundi wa kuufunga, basi nikaufunga mimi. Nilishangaa kuona kwamba najua. Kila kitu nilikipa njia yake na fyuzi yake, nikapima kwa mgongo wa mkono, nikahesabu nyuzi kwa sauti. Na kila Jumapili yule mama wa sauti ya pili alipita mbele yangu kanisani na fimbo yake, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya watoto. Alimlaumu Fundi. Nilimsikia mara nyingi akimlaumu Fundi, nami nikaitikia kwa kichwa.

Mazinde sikwenda. Mizigo yetu ilishuka Mombo na kukata kuelekea Tanga, Mazinde ikabaki upande wa pili, nami nilishukuru kwa hilo miaka kumi na moja.

Kilichonipeleka ni neno la mtu mwingine. Macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka na ukungu, na kijiji kiliamua nimkabidhi usukani mpwa wa Mwenyekiti, mtu mzima sasa, ambaye nilimfundisha mlima kwa miaka minne. Aliendesha vizuri. Siku moja fyuzi ya honi ilikatika tukiwa Mombo, nikafungua kopo langu nitafute nyingine. Akaniambia, "Kaka, unajisumbua. Bana msumari twende, tutaangalia nyumbani."

Nilibana fyuzi nyingine. Nilimwacha Mombo na mizigo, nikageuza lori kuelekea Mazinde.

Banda lake lilikuwa kando ya barabara, bati juu ya miti minne, na juani kwenye kipande cha bati betri za redio zimeanikwa. Amekonda, mvi zimejaa, lakini ni yeye. Niliposimama alitoka moja kwa moja kunilaki na mkono mbele. Hakunusa kwanza. Nikajua ananipokea kama mgeni, na iliniuma.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Dereva. Mzee ameamkaje?"

"Ameamka salama," nikasema, kisha nikasema yote bila kupumzika: msumari, taarifa ya uongo, ukimya wangu ghalani, mama wa sauti ya pili. Alinisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa. Nilipomaliza akasema, "Najua. Nilikataa mimi, sasa angeweka nani?"

"Kwa nini hukusema?"

Akakaa kwenye gurudumu kuukuu, akanionyesha jingine nikae.

"Nilikasirika," akasema. "Usifikiri sikukasirika. Miaka mitatu sikutaka hata kabichi ya kutoka kwenu iingie nyumbani kwangu. Mke wangu ilibidi aifiche." Akakikunja kile kitambaa. "Lakini siku ile ghalani nilifanya hesabu. Nikisema ni wewe, wanakutoa. Wakikutoa wewe, usukani anapewa nani?"

Nilifikiri. "Mpwa wa Mwenyekiti."

"Mpwa wa Mwenyekiti. Leseni yake ilikuwa na mwezi mmoja. Hajashuka Mombo hata mara moja bila kulalia breki. Na nyuma yake wamekaa watu wangapi, na wagonjwa wangapi? Wakinitoa mimi, lori linasimama. Lori lililosimama halijaangusha mtu bondeni. Nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili."

 Machozi yalinitoka, mtu mzima, barabarani, na lori moja lililokuwa likipita likapiga honi.

"Nitarudi nikaseme kijijini," nikamwambia. "Leo hii."

"Wewe bado unaendesha?"

"Nakabidhi Jumatatu ijayo."

"Anachukua nani?"

"Yeye yule."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza. "Ameshajua mlima?"

"Mlima anaujua. Leo ameniambia nibane msumari."

Akaacha kucheka. Alisimama, akaenda kwenye lori, akafungua mlango, akaingiza kichwa chini ya usukani na kunusa kwa muda mrefu. Kisha akafungua boksi la fyuzi. Nilisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Alichomoa moja moja, akaitazama kwenye mwanga, akaangalia waya wake unaelekea wapi, akairudisha. Ya spika aliitazama mara mbili. Alipofika mwisho alifunga kifuniko, akagonga bati kwa vidole viwili, kama anavyogonga mtu mlango wa jirani.

"Nani kazifunga hizi?"

"Mimi."

"Waya wa wipa ungeupitisha mbali na bomba la moshi," akasema. Hilo tu ndilo alilolisema juu ya kazi yangu. Kisha akaniambia, "Kabidhi funguo kwanza. Ukishakabidhi, sema. Na useme yeye akiwepo, awe amekaa mahali pa kusikia."

Mkewe alitoka ndani na ndizi za kuchemsha kwenye sahani. Hakunisalimia kwa furaha, lakini alinipa, tukala wote watatu.

Jumatatu nilikabidhi funguo. Jumanne kilikuwa kikao ghalani, nikaomba kusema, Mwenyekiti akaniruhusu akidhani nataka kuaga. Dereva mpya alikuwa amekaa mstari wa pili, funguo ziko mkononi. Mama wa sauti ya pili alikuwa mbele kabisa, mguu ameunyoosha, fimbo mapajani.  Nilimtazama yule mama, nikainua kiganja changu chenye kovu, nikasema, "Msumari ule niliuweka mimi."